Picha ya Salalah iliyoitangulia mvua

Bi Mshauri, Assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Unguja mjini, kazi yangu ushoni. Nina mashoga zangu wanne niliosoma nao skuli. Tulikaa darasa moja, tukaolewa miaka ya kukaribiana, halafu dunia ikatutawanya. Mmoja yuko London, mmoja Toronto, mmoja Dar es Salaam, mmoja Maskati. Nitawaita kwa miji yao, maana baadhi yao wanakusoma.

Tuna grupu letu la WhatsApp. Mwaka mzima linakwenda kwa salamu za Ijumaa, dua za wagonjwa na mapishi. Ikiingia Juni ndipo linapochangamka. Huko waliko wengi wa wenzangu ndiyo samma, msimu wa joto, skuli zinakaribia kufungwa, kila mtu ana safari yake. Mimi ndiye huwa nafungua uwanja. Naandika, "Haya, nani yuko wapi mwaka huu? Leteni ripoti!" Basi zinaanza kumiminika. London anatuma picha ya watoto wake wanacheza bustanini, jua bado linawaka, na yeye anaapa kwamba hapo ni saa tatu za usiku. Toronto anatuonesha maporomoko ya Niagara, kila mwaka Niagara, mpaka tunamtania kwamba ana hisa pale. Dar mwaka huu kapanda treni ya umeme kwenda Dodoma kumuona dada yake, akaturikodia njia nzima: Morogoro hiyo, mtoto kamwaga soda, mzee wa kiti cha mbele anakoroma. Tulicheka mpaka machozi. Ni raha, sikatai.

Shida yangu ni huyu wa Maskati.

Wiki ya mwanzo ya Juni alituma picha moja. Milima ya Salalah, kule kusini mwa Omani, kijani kitupu, ukungu umeshuka hadi nusu ya miti, watoto wake wawili wamesimama kwenye majani yanayowafika magotini. Chini yake kaandika: "Salalah hiyo, jamani. Alhamdulillahi." Grupu likalipuka. Mashaallah, mashaallah, tunyweeni madafu kwa niaba yetu, mmefika lini? Yeye akajibu kwa vikopa tu, vile vijipicha vya moyo. Kesho yake London akamuuliza hali ya hewa, akatuma sauti: "Salalah raha, wacheni tu. Watoto wakifika kule hawataki kuondoka."

Bi Mshauri, mimi nimekaa Maskati. Mume wangu alikuwa na kazi kule kabla hatujarudi nyumbani. Salalah nimekwenda, tena na huyo huyo shoga yangu, gari mbili zinafuatana, karibu kilomita 1,000 za jangwa, tunapokezana birika la chai kwenye vituo vya petroli. Kharifu, msimu wao wa mvua, najua inaanza lini. Rasharasha zile huingia mwishoni mwa Juni, na hata zikiingia milima haigeuki kwa siku moja. Kijani cha kwenye ile picha ni cha Julai mwishoni au Agosti. Mwanzoni mwa Juni milima ya Dhofari, jimbo la Salalah, ni kahawia, ngamia wanatafuta cha kutia mdomoni.

Nikaikuza picha. Binti yake mdogo ana pengo la meno mawili ya mbele. Idi iliyopita tulipoongea kwa video mtoto yule alijisogeza kwenye simu kunionesha meno yake, yameshaota yote mawili. Nikarudi kwenye ile sauti, nikaisikiliza na simu sikioni. Nyuma yake kuna kiyoyozi kinagonga: tak, tak, kinanyamaza, tak, tak. Kile ni cha chumba chake cha mbele, mtaa wa Ruwi, Maskati. Nimelala chumba kile, nakijua.

Kwa hiyo Salalah hayuko. Yuko kwake, joto la Maskati mwezi huo linapita nyuzi 40, na anatutumia picha ya zamani.

Ningeweza kunyamaza, kila mtu ana hiari ya kutuma anachotaka. Ila kuna mambo mawili. Disemba tumepanga tukutane sote Unguja, mara ya kwanza tangu tutawanyike. Tumepata nyumba Jambiani, ufukweni, na mwenyewe anataka arbuni kabla Septemba haijesha, maana Disemba wageni ni wengi na bei zinapanda. Mwaka jana wa Maskati alisema mbele ya wote, "Nusu ya nyumba niachieni mimi." Pesa zinakusanywa kwangu. Wenzake wameshaanza kutuma. Yeye bado, na nikimkumbusha ananiambia inshaallah mwezi ujao, halafu ananiuliza hali ya mama.

La pili ni London. Kanifuata pembeni: "Wewe ulikaa kule. Ile picha huoni kitu?" Nikamwambia niko kwenye cherehani, nitamjibu. Kila baada ya muda anarudi. Namjua, nikimjibu, neno halitolala kwake. Si kwa ubaya, ndivyo alivyo.

Nimeumia, Bi Mshauri. Huyu ndiye aliyenipikia uji wa pilipili manga nilipojifungua ugenini, mama yangu yuko mbali. Kama ana jambo, mbona asiniambie mimi? Na kama ni uongo, mbona anidanganye mimi ninayeijua Salalah? Ananiona mjinga? Mimi mwenyewe hali yangu ni ya kawaida kabisa. Kipupwe hiki kazi imepungua, mama goti linamsumbua, na mwezi wa Mei nilituma grupuni picha ya gauni nililomshonea bibi harusi mmoja wa Kizungu, la kwanza la aina yake kwangu, nikapata kopa moja. Tangu hapo sipeleki changu, nafungua uwanja tu na kuwapigia wenzangu makofi. Lakini sijawahi kujitia safarini.

Nimuulize? Ninyamaze? Nimwambie London? Na hizo pesa za Jambiani nifanyeje? Sitaki kumpoteza.

Fundi, Unguja.

*

Waaleikum salaam, Fundi, mdogo wangu.

Nilipofika kwenye kile kiyoyozi nilicheka peke yangu. Wewe ungeajiriwa upelelezi. Mvua, meno, mlio wa mashine: umezipanga hoja zako vizuri na sina ubishi nazo. Picha ile ni ya zamani, nakubali.

Ila umethibitisha hilo moja tu. Barua yako imetoka kwenye picha ikaenda kwenye pesa, ikatoka kwenye pesa ikaenda kwenye dharau ("ananiona mjinga?"), na njiani haikupumzika mahali popote. Naomba turudi nyuma polepole, maana unavyolieleza, swali ni umfanye nini rafiki aliyedanganya. Mimi ninavyosoma, una rafiki anayekwepa jambo, una ahadi ya pesa inayokaribia tarehe yake, una mwenzenu wa tatu anayebisha hodi, na una gauni lako lililopata kopa moja. Hayo manne yamekufika kwa pamoja na yote umeyabebesha picha moja.

Tuanze na maneno yake mwenyewe, kama ulivyoyanukuu. "Salalah hiyo, jamani. Alhamdulillahi." Hakuna tumefika wala tupo. "Mmefika lini" mliandika nyinyi. Na ile sauti inasema watoto "wakifika kule". Mtu aliye mahali hapaiti kule. Simtetei. Alipoulizwa amefika lini alikuwa na nafasi ya kusema hiyo ya zamani, nilikuwa naikumbuka tu, na badala yake akatoa vikopa. Hapo aliacha muamini mlichotaka kuamini. Lakini kuna mtu anayekaa chini akapanga uongo, na kuna mtu aliyetupa picha ya kumbukumbu siku ya joto, akaona mashaallah zinamwagika kutoka nchi tatu, na ulimi ukawa mzito kuwarudisha. Hao ni watu wawili tofauti kabisa wa kuongea nao, na wewe hujui bado unaye yupi.

Sasa nikuulize jambo ambalo pengine halitakufurahisha. Nani aliyefungua uwanja? "Nani yuko wapi mwaka huu? Leteni ripoti!" Nalijua lengo lako, ni furaha, kuwachangamsha wenzako. Lakini lisome kwa macho ya mtu ambaye mwaka huu hana pa kwenda. Atajibu nini? Niko hapa hapa? Baada ya treni ya Dodoma na jua la saa tatu usiku?

Na wewe mwenyewe lilikupata. Ulipeleka gauni, kazi ya mikono yako, pengine usiku kadhaa wa kutia shanga moja moja. Likapita na kopa moja, ukaamua habari zako si za pale. Wewe ukanyamaza. Mwenzako yeye akafungua simu, akatafuta kilichobaki humo chenye mlima na ukungu. Mmoja kaenda kwa ukimya na mwingine kwa picha, lakini kilichowasukuma nahisi ni kimoja: kwamba habari ndogo haina soko grupuni. Nimekaa na barua yako nikiona kwamba katika wale watano, anayeweza kumwelewa vizuri zaidi wa Maskati ni wewe. Na ni wewe uliyemkasirikia zaidi.

Hata hao wenye safari sina hakika kama tunawasoma sawasawa. Toronto mnayemcheka kwa Niagara: pale ni kama kilomita 130 kutoka kwake, watu huondoka asubuhi na mkate wao kwenye kikapu wakarudi kulala nyumbani. Kila mwaka Niagara inaweza kuwa mapenzi ya maji. Inaweza pia kuwa ndiyo safari anayoimudu. London naye, skuli za Uingereza hazifungwi mpaka Julai inaelekea ukingoni, kwa hiyo bustani ile ya Juni yenye jua la usiku huenda ni saa moja aliyoiiba kati ya kutoka kazini na kuwalaza watoto. Picha zao ni za kweli na bado hazijawaambia mengi. Ya huyu wa Maskati mmeishika kwa sababu tu wewe unazijua mvua za Dhofari.

Hapo nije kwenye lile lililokuuma. Umeuliza mbona akudanganye wewe unayeijua Salalah. Swali zuri, lakini umelijibu haraka mno. Kati ya wale wanne wanaopokea picha zake, mmoja tu alikuwa na uwezo wa kujua, na ndiye aliyesafiri naye barabara ile ile na birika la chai. Inawezekana hakufikiri kabisa, alituma akaenda jikoni. Inawezekana alikuamini kwamba ukijua utamsitiri. Inawezekana pia, na hili nalisema kwa tahadhari, kwamba alijua utajua, na anangoja aone kama utamuuliza habari zake. Sina namna ya kukuambia ni lipi. Ninachokiona ni kwamba "ananiona mjinga" ni jibu moja kati ya kadhaa, na ndilo linalokuumiza kuliko yote.

Kuhusu kinachoendelea kwake, wewe uliyeishi kule unayajua mambo ya Maskati kuliko mimi. Kibali cha mgeni kimefungwa na kazi au na mdhamini. Kazi ikiyumba, nyumba inayumba, skuli za watoto zinayumba, na mtu hujifunza kutozungumza. Lakini inaweza kuwa jambo jepesi kuliko hilo. Mume hakupata likizo. Pesa za safari zimekwenda kwa mgonjwa huku nyumbani. Ada za skuli. Au ndoa ina baridi yake, na picha ya mwaka ule ni ya wakati ambapo hali ilikuwa njema. Nimezitaja nyingi kwa makusudi, usije ukachagua moja, ukakaa nayo kwenye cherehani wiki nzima, na siku ya kuongea naye ukawa unaijibu hiyo uliyoitunga.

Umeuliza umuulize au la. Njia hiyo ina uzito wake, na mengi yatategemea mlango utakaoingilia. Ukianza na picha ("shoga, mbona kijani Juni?") umemtia kizimbani, na mtu wa kizimbani hujitetea. Atatoa sababu, sababu italazimika kupata ndugu yake, na uongo ambao pengine haukuwepo utazaliwa hapo hapo kwenye simu. Kuna wanaoanza na habari zao wenyewe. Wewe unazo. Kazi imepungua, goti la mama, gauni. Swali langu la kweli kwako: haya umemwambia? Si grupuni, yeye peke yake? Kwa sababu katika barua, kila ukimkumbusha pesa yeye anakuuliza hali ya mama, na wewe umeliona kuwa ni kukwepa. Huenda ni kukwepa. Huenda pia ndilo jambo analotaka kuzungumza.

Ukichagua kuongea naye, nadhani sauti ni bora kuliko maandishi. Maandishi hupigwa skrinishoti, na husomwa usiku peke yako kwa ukali ambao mwandishi hakuutia. Lakini jiandae kwa mambo mawili. Anaweza asikuambie kitu, akakushukuru, akakuombea dua, simu ikakatwa ukiwa ulipoanza. Na anaweza kukuambia kila kitu, halafu akasema, "Shoga, hili liishie kwako." Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza. Utakuwa na siri yake mkono mmoja na daftari la michango mkono mwingine, na London anagonga. Kabla ya kupiga jiulize kama unaweza kuibeba siri hiyo hadi Disemba bila kuanza kumchukia kwa kuibeba.

Kunyamaza nako kuna heshima yake. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye sitara. Hulisemi lililofunikwa na mwenyewe, unampisha nalo. Ukichagua hivyo sitokulaumu, tena wapo marafiki waliovuka miaka migumu kwa sababu mmoja wao alijua na hakusema. Ninachokuomba uangalie ni kama ukimya huo ni wa kumsitiri au ni wa kumsusia. Kwa nje vinafanana. Ukimsitiri utaendelea kumpigia, kumchekesha, kumwombea watoto. Ukimsusia utajibu kwa kopa, na yeye atajua tofauti siku hiyo hiyo.

Kuna njia nyingine hukuitaja, ila mimi ni mwanamke wa pwani nawe ni wa pwani, kwa hiyo nitaitaja mimi. Stetasi. Kijipicha cha khanga yenye jina lake, kinawekwa saa nne asubuhi, hakimtaji mtu. Au grupuni: "Jamani huku hatuna safari, tuna ukweli wetu." Hiyo, Fundi, nakuomba uiogope. Anayekujua tangu skuli atalisoma fumbo kabla hujaweka simu chini, na fumbo halina pa kulijibia. Yeye atatoka grupuni kwa kisingizio cha simu mbovu, na mtabaki wanne mnaulizana kulikoni.

Pesa za Jambiani, hapa naona unaweza kupumua kidogo, maana hazilazimiki kusubiri ya picha. Wewe ni mshika fedha. Mshika fedha anayo haki, kabla hajatoa arbuni ya watu, kuuliza watu wote kwa pamoja wana nini. Kwa mfano: "Jamani, mwenye nyumba anataka arbuni Septemba. Kabla sijampa, kila mmoja aniambie pembeni anachokiweza mwaka huu, tuliyosema mwaka jana yasimfunge mtu. Tutapanga kwa kitakachopatikana." Ujumbe mmoja kwa wote wanne, maneno yale yale. Wa Maskati anapata mlango wa kupunguza ahadi bila kuonekana, na pengine si yeye peke yake atakayeutumia; usishangae Toronto akiwa wa kwanza.

Hatari yake ipo. Aliyeahidi nusu ya nyumba hadharani anaweza kuona haya kupunguza hata pembeni. Atakujibu niko pale pale, inshaallah, na Disemba nyinyi mko mlangoni mwa nyumba ya watu na nusu haijafika. Kwa hiyo ahadi yake ya mdomo na pesa iliyoingia mkononi usizihesabu kwa kalamu moja. Unaweza kuwaambia wote kwamba utapanga kwa kilichofika mpaka tarehe fulani, kikiwa kidogo mtachukua nyumba ndogo, au mtalala mjini kwenu na Jambiani mwende asubuhi na kurudi jioni. Wewe unaishi hapa, unajua hilo linawezekana. Wao wanaotoka mbali wameiona ile nyumba ya picha na wanadhani bila hiyo hakuna mkutano. Sijui wangesemaje wakiulizwa kama wanataka nyumba au wanataka kuonana. Hawajaulizwa bado.

Na grupu lenyewe. Hujaniuliza, lakini wewe ndiye mfungua uwanja, na mfungua uwanja ana nguvu asiyoijua. Kuna wanaouliza kitu kingine: leo umepika nini, nani kakuudhi sokoni, mtoto kasema neno gani. Ukijaribu, huenda siku za mwanzo pakawa kimya, na huenda Toronto akaleta Niagara hata ukiuliza habari za mchuzi. Mwache alete, naye ana haki na maji yake. Huenda pia wa Maskati akaogopa kwamba umebadilisha swali kwa ajili yake. Kwa hiyo kama utalifanya, lingekwenda vizuri zaidi likianza na kitu chako mwenyewe. Lile gauni mimi nimetaka kuliona, na nina hakika ile kopa moja haikuwa hukumu. Mei wenzako walikuwa kazini, wanapitisha kidole tu. Lakini hilo ni dhana yangu, wewe unawajua.

Nimalizie na London, kwa sababu yeye anangoja jibu wakati sisi tunaongea. Ukimwambia "ndiyo, picha ya zamani," umesema kweli, na umempa habari isiyo yako. Hata awe msiri kuliko ulivyomweleza, siku atakapoongea na wa Maskati sauti yake itakuwa imebadilika. Ukimwambia "muulize mwenyewe," hujasema uongo, lakini London ataona jibu humo humo, kisha kweli atamuuliza, tena kwa namna yake. Ukiendelea kusema uko kwenye cherehani, nalo atalisoma. Iko namna ya katikati, ya kumwambia, "Nina wasiwasi naye kidogo, nataka nimpigie mwenyewe kwanza, usilifungue grupuni." Hapo umemfanya mwenzako badala ya mpelelezi mwenzako, ila umeshakiri kwamba kuna kitu, na unamtegemea atulie.

Kabla ya kuchagua, lipime neno lako mwenyewe. Umeandika, "si kwa ubaya, ndivyo alivyo." Umemwona London kama mdomo tu. Je, kama aliona picha ile akashtuka kama ulivyoshtuka wewe, na akaja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyekaa kule na huenda unajua kama shoga yenu yuko salama? Anavyouliza anauliza kama mbeya au kama mtu aliyeingiwa na hofu, mimi kwa barua siwezi kusikia. Wewe una sauti zake kwenye simu. Zisikilize tena, kama ulivyokisikiliza kile kiyoyozi.

Na ukiamua kumpigia wa Maskati, wao wametutangulia saa moja, kwa hiyo usingoje mpaka umalize kuosha vyombo vya usiku. Ijumaa kule ni mapumziko. Mchana baada ya kula, watoto wakilala, labda atakuwa na nafasi ya kukaa chumba cha mbele na kuongea kwa kirefu.